Mpwa wa Mvua

Upepo ulitangulia, na haukuwa na adabu hata kidogo. Ulikuja mchana, saa za watu kusonga bukari, ugali wa kwetu, ukang'oa mabati ya nyumba ya mama yangu moja baada ya jingine kama mtu anayefungua kopo la samaki, ukayatupa ng'ambo ya avenyu. Bati moja lilimkata jirani shingoni akiwa anakimbia kuanua nguo. Kisha ikashuka mvua. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, udongo ambao mama na marehemu baba waliukanyaga kwa miguu yao wenyewe, na tofali bichi likishavuliwa kofia halina ujanja. Ukuta wa upande wa kijito ulilala wa kwanza. Ulilalia kitanda cha mama, kabati la vyombo, na mbuzi aliyekuwa amefungwa ndani asilowe. Mama alikuwa kwa jirani akiomba chumvi. Chumvi ile ndiyo iliyomwokoa.

Mimi ni mwalimu, na ninaishi mbali na pale, upande wa Luano, hapahapa Lubumbashi. Siku ile nilitembea sehemu kubwa ya njia kwa miguu kwa sababu barabara zilikuwa zimegeuka mito. Mtaa wa mama uko bondeni, kando ya kijito kinachoshuka kutoka upande wa Kasapa, na kijito hicho kilikuwa kimepanda hadi kwenye milango kikibeba masufuria, viatu na kuku waliokufa. Nilimkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya kile kilichokuwa sebule, tope limemfika vifundoni. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama mbuzi. Kwenye avenyu yetu walikufa watu, mmoja wao mtoto mchanga, na mvua ilikuwa bado inanyesha juu yao bila kuona haya.

Mtu wa kwanza kumchekesha mama baada ya hapo alikuwa mzee mmoja mwenye baiskeli.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mengine yote hayana maana. Kwetu ukoo unafuata mama, na sisi ni watu wa ukoo wa udongo. Ukoo wa udongo una watani wake, nao ni ukoo wa mvua, ambao huiita mvua mjomba wao. Sijui nani alianza. Wazee husema mvua ikinyesha udongo huyeyuka, lakini mwishowe udongo huimeza mvua yote isionekane tena, kwa hiyo hakuna mkubwa kati yao. Mtani kwa lugha ya kwetu ni munungwe. Munungwe anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anakuja kwenye kilio chako, anacheka, analala mlangoni mwili usitoke, anabeba kuku wako au sufuria yako na kuondoka nayo, nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kupiga kelele kwamba umeibiwa, kumkimbiza, na kukomboa mali yako kwa kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Watu wanacheka, na aliyefiwa anakumbuka kwamba bado ana meno. Mimi nimesoma vitabu vingi na sijaona dawa ya msiba inayoishinda hiyo.

Yule mzee alikuwa munungwe wa mama tangu wote wawili wakiwa vijana. Alikuwa amefanya kazi ya reli hadi kazi ikamkimbia, na baada ya hapo alizunguka mtaa mzima na baiskeli yake nyeusi, akitengeneza kufuli na majiko ya makaa. Mama alimwita mwivi. Sijawahi kumsikia akimwita jina jingine. Yeye alimwita mama muke yangu, hata mbele ya mke wake halisi, ambaye naye alimwita mama mbanda, yaani mke mwenza, na kumletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku za Jumapili.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na dhoruba haikuigusa. Hilo peke yake lilikuwa karamu ya maneno. Alikuja kesho yake asubuhi akisukuma baiskeli kwenye tope, akasimama mbele ya magofu yetu, akavua kofia.

“Muke yangu,” akasema, “mujomba yangu alipita hapa jana. Alikuachia salamu?”

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Niliogopa. Kisha nikaona mdomo wake unatetemeka upande mmoja.

“Mujomba yako ni mulevi,” akamjibu. “Anakosa mulango, anapita mu ukuta.”

Akacheka, na ndani ya kicheko machozi yakamtoka, hatimaye. Mzee akaegesha baiskeli, akakunja suruali, akaanza kuchimbua sufuria kutoka kwenye tope. Alifanya kazi hiyo mpaka jua likazama, na bado aliondoka na kijiko chetu kimoja mfukoni, na mama akamfuata kwa kelele hadi kwenye kona.

Msaada ulichelewa, lakini ulikuja. Makanisa yalichangisha, wafanyabiashara wa mjini walichangisha, watoto wa Lubumbashi wanaoishi ng'ambo walichangisha, na zaidi ya wote kulikuwa na mfadhili fulani wa mbali sana ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Fedha hizo zote zilipitia shirika dogo la hapa kwetu. Msimamizi wake alikuwa mwanamke mwenye umri wa mdogo wangu, mzaliwa wa hapahapa, wazazi wake wafanyabiashara wenye asili ya Kasai. Tulimwita Madame. Sikumpenda mwanzoni kwa sababu alivaa buti safi, lakini haki ya mtu ni haki yake: aliingia kila nyumba iliyoanguka na buti hazikubaki safi.

Madame alikuwa na hofu moja, na aliipanda ndani yetu sote. Mtaa mwingine, kabla yetu, mabati ya msaada yalionekana sokoni yakiuzwa. Mfadhili alipopata habari alirudisha mkono mfukoni, na watu wa mtaa ule wakabaki na kuta zisizo na paa hadi leo. Kwa hiyo kila bati letu lilipigwa mstari wa rangi nyekundu ukingoni ili litambulike popote. Kila familia ilikatazwa kuuza, kukopesha, hata kumpa ndugu. Na alitangaza kwa kipaza sauti, akarudia mara nyingi mpaka watoto wakaanza kumuigiza:

“Bati moja tu likipotea, awamu ya pili haiko. Musikie muzuri. Moja tu.”

Awamu ya pili ilikuwa saruji na mbao. Bila saruji na mbao bati ni sahani kubwa tu. Kila mtu alielewa hesabu hiyo, na hapo ndipo ubaya ulipoanza, kwa sababu watu waliokuwa wameokoana kutoka kwenye maji sasa walianza kuchunguzana. Vijana wa mtaa waliunda kikosi cha ulinzi. Mkuu wao alikuwa mwanamume mmoja mchimba madini, mwenye mabega ya kubeba magunia na filimbi shingoni. Dhoruba ilimwachia ukuta mmoja na mke mjamzito. Siku hizo nilimchukia sana, na nisingependa kumweleza vibaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mtu anayelala chini ya turubai na anayetaka saruji.

Siku ya kugawa mabati ilikuwa na jua kali. Tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Kila familia ilipewa fungu lake, ikasimama kando ya fungu hilo ikisubiri kupigwa picha mbele ya kitambaa kilichoandikwa shukrani kwa mfadhili. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka mpaka mafungu yote yahesabiwe. Mfadhili alitaka picha za watu wanaotabasamu, kwa hiyo tulisimama juani tukifanya mazoezi ya kutabasamu, na watu walikuwa na njaa, na kikosi cha ulinzi kilikuwa na nondo na mipini ya majembe. Asubuhi ileile walikuwa wamempiga mtu kofi kwa sababu tu alikalia mabati yasiyo yake.

Mzee alifika kwa miguu. Baiskeli alikuwa ameiacha kwa mkewe. Alivaa koti lake la reli pamoja na joto lote lile. Nilimwona mbali akija kwa kunyata, magoti juu, kama paka wa kwenye maigizo ya shule, na nikajua anakuja kufanya nini. Nilifurahi. Nasema wazi kwamba nilifurahi, kwa sababu mama alikuwa amesimama tangu alfajiri na uso umemkauka.

“Muke yangu,” akanong'ona kwa sauti ambayo uwanja mzima ungeweza kusikia, “leo ninafika kukamata sehemu yangu. Mujomba njo alitumika kazi yote. Bila yeye ungepata wapi malata ya mupya?”

Malata ni mabati, na njo ni ndiye. Akainama, akachukua bati la juu, akaliweka kichwani na kuondoka akitikisa kiuno. Mama akajishika mbavu. Na akafanya lile alilolifanya maisha yake yote, lile ambalo mama yake na bibi yake walilifanya kabla yake. Akajaza mapafu.

“Mwivi! Mumukamate mwivi! Mujomba anabomoa, mwipwa anaiba!”

Mzee akakimbia. Mwivi wa utani lazima akimbie, la sivyo mchezo hauna ladha. Alikimbia na miguu yake ya kizee, bati linayumba kichwani, mstari mwekundu unang'aa, na alikuwa anacheka.

Filimbi ikalia.

Jiwe la kwanza lilipiga bati likatoa mlio wa ngoma. Alifikiri ni sehemu ya mchezo. Nilimwona kwa macho yangu akigeuka na kucheza hatua kidogo, kulipokea. Jiwe la pili lilimpiga mdomoni.

Nimeshuhudia mambo katika mji huu, na nilikuwa nadhani nayajua makelele ya watu wenye hasira. Sikuwa nayajua. Walimfikia kutoka pande zote. Wa kwanza alimpiga mpini wa jembe nyuma ya magoti, na alipoanguka bati likamfunika, na yeye akalishika kutoka chini kwa mikono miwili kama mtu anayejifunika shuka. Wakapiga bati. Walipiga kwa mawe, kwa mipini, kwa miguu, na kila pigo lilipasua masikio. Mwanamume mmoja akainua nondo juu kwa mikono yote miwili na kuishusha. Ikatoboa bati, ikaingia. Sauti iliyotoka chini sitaieleza. Walipolivuta bati pembeni ukingo wake ulimchana viganja, kwa sababu hakutaka kuliachia.

Mama alikuwa anakimbia. Mama yangu ni mzito na goti lake moja ni bovu, na alikimbia huku akilia, “Ni munungwe yangu! Mumuache, ni munungwe yangu!” Lakini nusu ya vijana wale wazazi wao walitoka kwingine, na nusu nyingine hawakuwahi kufundishwa hata jina la ukoo wao. Mmoja akamuuliza mwenzake munungwe ni nani. Mwenzake akajibu kwa sauti, kwa uhakika wote:

“Anasema beko babili. Mwenzake njo ule.”

Yaani wezi wako wawili, na alikuwa ananionyesha mimi. Nilipigwa kofi nikaona giza, nikashikwa nywele. Nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua, na siku ile nilishukuru kuwa nazo. Nilimng'ata mtu mkono mpaka nikahisi ladha ya damu, nikampiga mwingine goti mahali panapostahili, nikapita. Nilipofika, mama alikuwa tayari amelala juu ya mzee, mwili wake wote mnene juu ya koti la reli, na walikuwa wanampiga yeye mgongoni. Mwanamke aliyekuwa ametaka kuchekeshwa. Pembeni, mtu alikuwa anaviringisha tairi kuuzunguka umati, akiomba njia kwa heshima, “pardon, pardon,” na nyuma yake mwingine alishika chupa ya mafuta.

Aliyetuokoa ni Madame. Aliendesha lori la mabati mwenyewe moja kwa moja kwenye umati, honi ikilia, watu wakatawanyika kando, akaruka chini bila kuzima injini. Aliipiga teke chupa ya mafuta ikamwagika. Mimi na yeye tulimwinua mzee, mmoja kichwani na mmoja miguuni, tukamlaza juu ya mabati yaliyobaki kwenye lori. Jicho lake moja lilikuwa halipo mahali pake. Mkuu wa kikosi alisimama pale, filimbi bado mdomoni, na kila alipopumua ililia kidogo.

Njiani mama alimshika mzee mkono. Mzee akajaribu kusema kitu, meno hayakuwapo, akarudia mpaka tukaelewa.

“Unanikomboa na nini?” aliuliza.

Alikuwa anadai munkoyo wake. Mzee hakusikika tena akizungumza, na Jumapili haikumkuta hai.

Polisi walikamata watu watatu, si wale waliopiga zaidi, na baada ya muda wakawaachia. Kabla ya mazishi Madame alikuja shuleni kwangu. Tulikaa kwenye darasa tupu na akaniambia jambo ambalo lilinifanya nitamani kubomoa dawati. Mfadhili alikuwa ametaarifiwa. Katika maneno ya mfadhili, lile lilikuwa jaribio la wizi lililozuiwa na jamii. Mabati yalihesabiwa na hakuna lililopungua. Awamu ya pili ingeendelea, tena mapema, kwa kuwa mtaa umeonyesha unaweza kulinda msaada. Mfadhili na watu wake walisikitika kwamba mshukiwa alifariki.

“Mushukiwa,” nikasema.

“Njo neno bo balitia,” akasema Madame. “Nilibaelezea. Banauliza preuve iko wapi, kwamba ilikuwa muchezo.”

Preuve ni ushahidi. Nilimwambia maneno mabaya. Aliyapokea yote, akiangalia mikono yake, na nilipomaliza akaniuliza, kwa upole, kama munungwe hawezi kuthibitishwa kwa namna yoyote. Nilimjibu kwamba yeye pia wazee wake wana utani wao, aende akawaulize wanauthibitishaje. Akaondoka. Nilibaki na hasira yangu na ubao mweusi.

Kumbe mtu mwingine alikuwa amejiuliza swali hilohilo, naye hakuwa na mfadhili wa kumjibu.

Siku ya mazishi ilinyesha. Sikutegemea vingine. Uwanja wa nyumba ya marehemu ulikuwa tope, na waombolezaji walikuwa wanalowa, wanawake wamekaa chini na mikeka inaelea. Ndipo wanaume wa avenyu yetu walipoanza kufika, mmojammoja, wamebeba mabati kichwani. Mabati ya mstari mwekundu, yaliyokatazwa kutoka nje ya nyumba. Waliyaweka juu ya nguzo, wakayafunga kwa waya, wakatengeneza paa juu ya wafiwa bila kumtazama mtu usoni. Mkuu wa kikosi alileta yake yote. Madame alikuwepo, amesimama chini ya mvua, na alipoona mistari ile myekundu akageuza uso kuelekea kijitoni.

Mama hakutaka kuja. Nilimvalisha mwenyewe, nikamvuta. Alikuwa hajasema neno tangu siku ile isipokuwa kuomba maji. Alipoingia, kilio kilinyamaza, kwa maana kila mtu alijua ni sauti ya nani iliyokuwa imesikika uwanjani. Akaenda kukaa mwishoni kabisa, karibu na choo, kitambaa kimefunika uso.

Mjane akainuka kutoka kando ya jeneza. Alipita katikati ya watu, nguo zake nyeusi zikiburuza topeni, akasimama mbele ya mama.

“Mbanda, weye unakaa sawa mugeni?”

Mama hakuinua kichwa.

“Iba,” mjane akasema.

“Siwezi, mama. Unirehemu. Siwezi.”

“Unisikie.” Mjane alichuchumaa, na alizungumza polepole, na kwa kuwa kilio kilikuwa kimya sote tulisikia. “Bwana yangu anakufa na jina ya mwivi. Batoto yangu beko hapa, bajukuu beko hapa. Kama weye munungwe yake hauibe leo, bantu batasema nini? Batasema ile siku haikukuwa bunungwe. Batasema alikuwa mwivi ya kweli. Mi siombe feza, siombe polisi. Ninaomba uibe.”

Ninamjua mama yangu. Nilijua kilichokuwa kinamkaba. Neno lilelile lililomuua rafiki yake ndilo ambalo lingepaswa kusikika tena, na safari hii mbele ya mwili wake. Mvua ilikuwa inapiga mabati juu yetu. Kisha akanyoosha mkono, nikamwinua. Akafuta uso. Akaangaza macho uwanjani kama mtu anayetafuta sokoni, na akaiona baiskeli nyeusi, imeegemezwa ukutani na kitambaa cheusi kwenye usukani.

Akaenda kwa kunyata. Goti bovu na yote, alinyata, magoti juu, kama mzee alivyokuwa amenyata. Mtu mmoja akaguna kwa uchungu. Mama akaishika baiskeli, akaiangalia maiti ndani ya jeneza lililokuwa bado wazi, na akasema kwa sauti iliyopasuka katikati:

“Ulijua mujomba yako atakusaidia? Unalala tu pale na mudomo wazi. Ninakwenda na kinga yako, mulevi.”

Kinga ni baiskeli. Akaanza kuisukuma kuelekea barabarani. Na mjane, kando ya jeneza, akajaza mapafu.

“Mwivi! Mumukamate mwivi!”

Hakuna aliyejongea. Nilimtazama mkuu wa kikosi. Alikuwa amekaa kwenye tope na wenzake, na neno lile lilipomfikia aliinama akaweka paji la uso juu ya magoti yake na kujifunika kichwa kwa mikono, kama anayesubiri jiwe. Mama alikuwa anatoka, mnene, mlemavu wa goti, na baiskeli ya mtu, mchana kweupe, na mjane anapiga kelele ya mwivi, na avenyu nzima imekaa. Ndipo bibi mmoja mkongwe wa ukoo wa mvua akacheka. Alikuwa na kicheko kikavu cha kizee. Akafuata mwingine. Kisha wanawake wakacheka na kulia pamoja, kama inavyopaswa kuwa kwenye kilio, na mjane akamkimbiza mama hadi kwenye kona, akamkamata, wakaanguka wote wawili topeni wakiwa wameshikana na baiskeli juu yao.

Makaburini ni watani wanaofukia. Mama alichukua koleo la kwanza. Alisema maneno ya kwetu, yale ambayo watu wa udongo huwaambia watu wa mvua siku ya mwisho.

“Mulitusumbua sana na mujomba yenu. Leo unaingia kwetu.”

Akamwaga udongo.

Nyuma yangu Madame alikuwa analia. Tukitoka alinishika mkono na kuniambia atamwandikia mfadhili upya, na neno lile la mshukiwa atalifuta, hata kama ni yeye watakayemfuta. Alifanya hivyo. Mfadhili akaanza kuuliza maswali, na saruji tuliyoahidiwa mapema ilikuja baada ya msimu mwingine wa mvua, tena pungufu. Wengi mtaani walimlaumu. Mjane hakumlaumu, na mimi pia niliacha kumsema kuhusu buti.

Nyumba ya mama imesimama tena, vyumba viwili. Lile bati lilirudishwa kwenye fungu lake, limebonyea, na tundu la nondo katikati. Fundi alitaka kulitupa. Mama akamwambia aliweke juu ya kitanda chake. Nilileta lami ya kuzibia nikapanda mwenyewe kwenye ngazi, na mama akanishika mguu.

“Uache,” akasema. “Iko sehemu yake.”

Mvua ikianza, mama huweka sufuria chini ya tundu na kukaa karibu nayo. Tone la kwanza likigonga, humwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Mwivi, unafika.”

Kisha humimina munkoyo kikombeni na kukiweka kando ya sufuria.